Sifa za Mpangaji Asiyehama

Katika nyumba nyingi za zamani za Uingereza na Marekani, mnunuzi mpya hukabidhiwa funguo, hati, na karatasi ya maua iliyobandikwa ukutani na watu ambao walikwisha kuzikwa. Funguo hupotea na hati hubadilishwa jina, lakini karatasi haiendi kokote. Kwa uaminifu huo inastahili sifa, hasa kutoka kwa yule aliyeshinda Jumamosi nzima amepiga magoti mbele yake, ndoo upande huu na skrepa upande ule.

Nasaba yake kwanza si ya kubezwa. Mwaka 1911, wakati nyumba ya mkuu wa Christ's College, Cambridge, ikikarabatiwa, kwenye boriti zake vilionekana vipande vya karatasi yenye pambo. Pambo hilo lilikuwa limechapwa nyuma ya makaratasi yaliyotumika, likiwamo tangazo la mwaka 1509 la Henry VIII kushika ufalme. Neno la mfalme lilikuwa limeshageuka takataka. Karatasi ya ukutani ndiyo iliyolibeba mgongoni kwa miaka mia nne.

Serikali nayo iliienzi kwa namna serikali zinavyojua: ikaitoza kodi. Kodi hiyo ilidumu Uingereza kuanzia 1712 hadi 1836, na mwaka 1806 kughushi mihuri yake kukaingizwa katika orodha ya makosa ya kunyongwa. Si kila pambo la sebuleni limewahi kulindwa kwa kitanzi.

Wapo wanaoisema vibaya kwa sababu ya sumu. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 kijani kilichopendwa sana na matajiri kwa maskini kilitengenezwa kwa aseniki. Mwaka 1874 mkemia wa Michigan, Robert Kedzie, alikusanya vipande halisi vya karatasi hizo, akavijalidi kuwa vitabu 100 na kuvisambaza maktabani ili watu waonywe. Onyo lenyewe lilikuwa na sumu, na maktaba nyingi zikaliteketeza. Lakini haki itendeke: karatasi haikumvamia mtu usiku. Watu waliinunua kwa fedha zao, wakaipaka gundi, wakalala nayo chumba kimoja.

Fadhila yake kubwa zaidi huonekana siku ya kuondolewa. Hapo huwa mwalimu wa subira asiyehongeka.

Mwenye pupa huchomeka skrepa chini ya ukingo na kusukuma kwa nguvu. Hujipatia kibanzi cha karatasi kisichotosha kufunika kiganja, kikifuatwa na bonge la lipu. Mwenye adabu huanza kwa kuzima umeme wa chumba, maana maji yataingia kwenye swichi, kisha huchagua kona moja ya chini na kuvuta polepole. Kama karatasi ina tabaka la plastiki juu, tabaka hilo aghalabu hubanduka likiwa kavu, na nyuma yake hubaki karatasi nyembamba inayokunywa maji vizuri. Kama halibanduki, hutobolewa kwa vitundu vidogo, bila kuuchana ukuta, ili maji yapate njia. Ndipo huja maji ya moto yenye sabuni kidogo, yakipakwa kwa sponji, na baada yake kazi ngumu kuliko zote: kukaa robo saa bila kugusa kitu. Gundi ikishalainika, skrepa pana iliyolazwa karibu na ukuta, pembe zake zikiwa zimepigwa tupa ili zisichimbe, huteleza na kuja na utepe mrefu. Anayepitisha tu bila kungoja hung'ang'aniwa kama na kupe.

Isitoshe, karatasi hii hufichua siri za wajenzi. Ukuta wa jipsamu bodi umevikwa karatasi yake wenyewe, na fundi aliyebandika bila kupaka praima kwanza ameoza karatasi mbili ndoa isiyo na talaka. Hapo maji yakizidi, uso wa bodi huvimba na kuchanika. Nyumba kongwe zaidi, zenye chokaa iliyokandikwa juu ya fito, huwa na siri nzito kuliko hiyo. Ukigongwa kwa kifundo cha kidole ukuta hulia mvungu, na hapo hubainika kwamba lipu ilishaachana na fito, ila karatasi imekuwa ikiishikilia kimyakimya. Anayeing'oa anamfukuza mlinzi. Huenda pia imefunika rangi ya kale yenye madini ya risasi, ambayo haipigwi msasa mkavu, kwa sababu vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto.

Hata ikishaondoka huacha wosia. Ukuta huonekana safi, lakini ukipitishwa mkono wenye unyevu huteleza: ni gundi. Rangi ikipakwa juu yake hupasuka na kubanduka baada ya muda, kwa hiyo ukuta mzima lazima uoshwe kwa maji ya vuguvugu, yabadilishwe kila yanapochafuka, kisha uachwe ukauke kabisa.

Baada ya hayo yote, wengine huenda dukani kununua rangi na kurudi na karatasi mpya ya maua. Wakikumbuka praima, siku moja itabanduka kwa urahisi. Wakiisahau, wajukuu wao watapata fursa ya kuisifu kwa maneno yasiyochapika gazetini.