Jinsi Picha Inavyoharibika Bondeni Kilombero

Kupiga picha vijiji vya kando ya maji ni kazi ya kusubiri, na uzito wake hutegemea maji yanayosubiriwa. Blakeney, kijiji cha pwani ya Norfolk nchini Uingereza, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kwa ratiba iliyochapishwa. Mpiga picha wa kule husoma jedwali, hunywa chai yake, hufika horini mashua zikiwa zimelala ubavu kwenye tope, hupiga, huondoka. Katika Bonde la Kilombero maji hujaa kwa msimu, na hayajawahi kuchapisha ratiba. Mto wenyewe hauna mlango wa bahari: huungana na Luwegu ukawa Rufiji, na maji yaliyopita Ifakara huonja chumvi mbali sana, kwenye mikoko ya delta. Lakini masika yakikolea mto hufurika kingo zake, na sehemu kubwa ya bonde hili, ambalo eneo lake la karibu hekta 800,000 liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar, hugeuka maji matupu. Aliyepiga picha kambi ya wavuvi wa Kindamba wakati wa kiangazi akirudi Aprili hukosa kambi, hukosa njia ya kuiendea, na hukosa bodaboda aliye tayari kujaribu.

Hasara huanza alfajiri. Milima ya Udzungwa iko upande wa machweo, kwa hiyo jua la asubuhi ndilo huipiga usoni, na mpiga picha hutakiwa awe kwenye mashamba ya mpunga ya Michenga kabla ya saa kumi na mbili. Kama alilala nyumba ya wageni yenye kiyoyozi, kamera hutoka ikiwa baridi, hukutana na hewa nzito ya bondeni, na lenzi hufunga ukungu papo hapo. Huifuta kwa shati. Shati lina mafuta ya chapati. Picha zinazopatikana ni za Udzungwa bila Udzungwa. Dawa inajulikana: kamera iachwe ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto. Hilo huchukua kama nusu saa, na nusu saa ndiyo umri wote wa mwanga mzuri.

Balaa kubwa zaidi ni stendi ya miguu mitatu. Katika bonde ambalo mpunga, miwa, mifugo na hifadhi vyote vinadai ardhi, mtu aliyesimamisha kifaa juu ya miguu mitatu na kufumba jicho moja hahesabiwi kuwa mpiga picha. Huyo ni mpima ardhi. Kabla hajabonyeza, mzee mmoja huwa ameshafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Enhe, kijana, mpaka mnaukatia wapi?"

Kujibu kwamba ni picha tu hakusaidii, maana wapimaji nao husema hivyohivyo. Mgeni hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti humwelekeza kwa mtendaji. Mtendaji yuko Ifakara mjini kwenye kikao, na muhuri uko kwenye droo ambayo ufunguo wake nao uko kikaoni. Mwenye busara hupita ofisi ya kijiji siku moja kabla, na stendi huiacha alikotoka. Hata ingeruhusiwa haifai: kwenye udongo mweusi wa mbuga mguu mmoja huzama polepole, na mfululizo mzima wa picha huonyesha mto ukipanda mlima.

Kibali kikipatikana, hubaki watu. Mama anayepepeta mpunga uani, vumbi limeshika jua nyuma yake, ndiye picha aliyoifuata mgeni. Akiombwa ruhusa hukubali kwa furaha, huweka ungo chini, huingia ndani. Hutoka baada ya muda mrefu akiwa ameoga, amepaka mafuta, amevaa gauni la Jumapili, na husimama wima ukutani, mikono ubavuni, kama aliye mbele ya kamera ya kitambulisho.

"Mama, wewe endelea tu kupepeta."

"Nipigwe na ungo? Ndugu zangu Mahenge waseme nini?"

Hoja hiyo haina jibu. Wanaopenda mno kuona picha za watu na nyungo, wengi wao hawajawahi kuzishika.

Wavuvi wao huikimbia kamera. Sheria hukataza nyavu za matundu madogo, na picha ni ushahidi. Anayekubali kupigwa huwa na wavu halali, au huwa ameukalia. Humkaribisha mgeni mtumbwini, chombo kilichochongwa kwa gogo moja, ambacho humvumilia mtu aliyeketi na humkataa aliyesimama. Mpiga picha husimama. Viboko na mamba wamo mtoni, kwa hiyo huokolewa yeye kwanza, simu baadaye. Simu huzikwa ndani ya mchele, na hakuna penye mchele mwingi wa kufanyia jaribio hilo kuliko Kilombero. Haukaushi simu upesi kuliko hewa, na mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake waache mtindo huo. Mwenye nyumba huuliza kama mchele uliolala na simu utaliwa. Huliwa, tena siku ileile.

Wanyama si wa kutegemea. Sheshe, swala ambaye bonde hili linasifika kwa kuwa naye, hutoka kama nukta ya hudhurungi inayohitaji maelezo marefu chini ya picha. Mnana wa Kilombero, ndege aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi mwaka 1990, hukaa matetini karibu na mto pamoja na minana wengine wa manjano, na mgeni kwa kawaida hurudi na picha safi sana za hao wengine. Daraja la mita 384 lililozinduliwa mwaka 2018 kuelekea Ulanga halitikisiki wala halikimbii, lakini kulipiga bila kuuliza humrudisha mtu kwenye habari za muhuri.

Jioni haifidii. Mang'ula na Sanje, vijiji vilivyobanana na milima, jua hutoweka nyuma ya Udzungwa mapema kuliko saa inavyosema, na kwenye latitudo hii giza huingia upesi.

Hapo ndipo kila aliyepigwa huuliza picha yake inakuja lini. Picha iliyo ndani ya kamera haihesabiwi mpaka isafishwe, na wengi wameahidiwa, wachache wameletewa. Basi, msomaji utakayepita huko na kamera, safisha picha Ifakara mjini kabla hujapanda basi, mkabidhi bodaboda azifikishe. Mama mpelekee ile ya gauni.