Usaili wa Fujo na Manufaa Yake

Usaili wa kazi usio na mpangilio ni hazina ambayo Kigali haijaipa heshima inayostahili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Rwanda mwaka 2008, abiria wa pikipiki hapandi bila helmeti, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka kufanya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii. Katika mji wa namna hii fujo imekosa makao. Ofisi chache, hasa za binafsi, zimejitolea kuihifadhi.

Uadimu huo ndio sifa yake kuu, na thamani yake inapimika kwa fedha. Mtalii wa kigeni anayekwenda Kinigi kuwatazama gorila wa milimani hulipa dola 1,500, hupewa saa moja tu, na kundi lake halizidi watu 8. Msailiwa hadaiwi kibali. Huitwa saa tatu kamili asubuhi, kisha huachiwa mlango wa chumba cha mikutano autazame mpaka saa nane mchana, pamoja na wenzake kadiri korido inavyoweza kuwabeba. Gorila akichelewa kuonekana, mwongozaji hueleza yuko upande gani wa mlima. Mwenyekiti wa jopo akichelewa, dada wa mapokezi husema "yuko njiani", basi. Gorila humtazama mgeni usoni. Mwenyekiti hutazama simu.

Manufaa mengine ni ya kawaida. Waendesha pikipiki za abiria hupata safari mbili badala ya moja, kwa kuwa ujumbe wa mwaliko ulitaja Kimihurura na ofisi ilishahamia Remera. Wenye fotokopi huuza nakala nyingine ya diploma iliyokwisha kutumwa kwa barua pepe. Lugha nazo hustawi: mzee wa jopo huuliza kwa Kifaransa alichosomea, kijana hujibu kwa Kiingereza kilichoingia madarasani baada ya uamuzi wa serikali wa 2008, na katibu huandika kwa Kinyarwanda anachodhani amesikia. Kiswahili, lugha rasmi tangu 2017, hujazwa kwenye fomu kikaishia hapo. Mjumbe mwingine hupekua karatasi, akampongeza mhasibu kwa shahada yake ya kilimo. Ni CV ya mtu aliyekaa nje.

Uvumilivu nao hutajwa kati ya faida, na hapo sifa zinaanza kugoma. Anayetoka Rusizi huvuka msitu wa Nyungwe na kukaa ndani ya basi saa nyingi kabla ya kukiona kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Sharti afike jana yake, alale kwa ndugu, na nauli pengine ni ya kukopa. Kumpigia simu kwamba usaili umeahirishwa ni kazi ya dakika moja, na dakika hiyo haipatikani. Si kwamba ofisi haijui saa. Mfadhili akitarajiwa saa nne, saa nne kasorobo maji ya chupa yako mezani na bosi amesimama mlangoni. Kinachoaminika ni kwamba muda wa mtu asiye na kazi hauna bei.

Tena kuna nafasi yenye mwenyewe, na fujo humfaa sana mwenyewe huyo. Katika ajira za serikali, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya kazi, MIFOTRA, huonyesha alama, na asiyeridhika ana njia ya kukata rufaa. Koridoni hakuna alama iliyoandikwa, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa ilitokaje. Mshindi hutambulika mapema: ni yule aliyefika mwisho, akaingia wa kwanza, na kabla hajakaa mjumbe mmoja akamuuliza kama mama hajambo.

Hatua ya mwisho ni matokeo, ambayo hutolewa kwa kutotolewa. Wote huambiwa "tutakupigia". Anayechoka kungoja akapiga mwenyewe hujibiwa kwamba mwenye faili yuko likizo, kisha huombwa atume CV upya.