Kopo la Mafuta ya Nazi

Sisi tuliozaliwa Tanga huuhesabu mwaka kwa pepo zake: ikivuma kaskazi, tangu Desemba hata Machi, mtu hutoka jasho angali amekaa kitako, ikiingia kusi na masika yake, jasho ni lile lile, ila sasa limechanganyika na mvua, na hata ufikapo Julai, wazee wakajitanda shuka na kulalama kwamba kipupwe kitawamaliza, mafuta ya nazi yaliyotia ukungu alfajiri hurudi kuwa maji kabla ya chai. Kwa ilimu hiyo haba nilidhani nimeijua tabia ya hewa ya dunia nzima.

Nikapelekwa kusomesha Mbulu, nikafika Julai hiyo hiyo na shati la mikono mifupi. Asubuhi ya kwanza, ukungu umesimama mlangoni kama mdai, nikaliinamisha kopo langu la mafuta kiganjani: halikutoka tone. Nikalipindua, nikalitikisa, nikaligonga ukutani, kimya. Nikayakinisha kwamba muuzaji wa sokoni kwetu kanitilia nta ya mishumaa, nikamwandikia mama barua kali ili aende akanidaie haki yangu.

Jirani yangu, mzee wa Kiiraqw aliyejifunika blanketi mpaka masikioni, alilitazama kopo kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "hujaibiwa. Yamesikia baridi kuliko wewe. Yaweke karibu na moto."

Kumbe mafuta ya nazi huganda joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi, na katika nyanda za Mbulu na Hanang, ambazo pengine hupita mita 2,000 juu ya bahari, usiku wa Julai haukikaribii kiasi hicho. Basi nikawa nayachota kwa kijiko, hata kifuniko nikakitupa. Kwani kisichomwagika chahitaji kifuniko cha nini?

Desemba nikapata likizo. Nikalitia kopo sandukuni alfajiri, gumu kama jiwe, kati ya kanzu mbili nyeupe, nikapanda basi. Tulipoipita Korogwe, kaskazi ikipuliza madirishani kama pumzi ya tanuri, sheikh mmoja aliyeketi chini ya sanduku langu alivua kofia yake, akaipapasa, akainua macho.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "sanduku lako latoka jasho."

"Niwie radhi, sheikh," nikajibu. "Limetambua kwao."