Ilikuwa ya Mama Mmoja wa Kanisani

Kila gari linalouzwa Dar es Salaam lilikuwa la mama mmoja aliyelitumia kwenda kanisani tu. Kama si mama wa kanisani, ni mwalimu mstaafu, na kama si mwalimu, ni mzungu aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Muuzaji aliyekimbiza gari lake kwenye mashimo kwa miaka kumi hajawahi kuonekana. Basi hatua ya kwanza ya kununua SUV ndogo ya mkononi, iwe RAV4, X-Trail, CR-V au Forester, ni kumwacha dalali amalize hadithi, kisha umwombe kadi ya gari. Kadi haimjui mama wa kanisani. Inamjua mwenye gari, namba ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Jina likiwa si la yule aliyesimama mbele yako, mazungumzo yaishie hapo mpaka mwenyewe apatikane.

Dalali atahamia kwenye namba ya usajili. "Bosi, hii ni namba E, bado mbichi kabisa!" Herufi hiyo inakuambia gari liliandikishwa lini Tanzania, basi. RAV4 ya mwaka 2004 ikishushwa bandarini miaka 20 baadaye hupewa namba E kama gari lililotoka kiwandani juzi, na TRA huitoza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa kuwa imevuka miaka 10. Kwenye kilomita pia usibishane na dashibodi. Gari la mwaka 2005 likidai limetembea kilomita 68,000, tazama raba ya pedeli ya breki, ukingo wa kiti cha dereva na usukani pale mikono inaposhika. Raba ikiwa imelika mpaka chuma kinachungulia, basi kanisa la yule mama lilikuwa Mwanza na yeye alikuwa anakaa Mbagala.

Nenda asubuhi, mapema kuliko mlivyopatana. Kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameamka kabla yako kuliwasha, na injini inayopashwa moto kwa siri ina jambo inaloficha inapokuwa baridi: moshi, mlio, au kugoma kuwaka. Mwambie utarudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili na ukigeuze. Ukikuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vinaonana, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua. Injini iliyooshwa ikang'aa nayo isikufurahishe. Vumbi linaonyesha oili inavuja wapi, na sabuni imefuta ushahidi.

Sasa washa swichi bila kupiga stata. Taa za injini, ABS na eabegi zote ziwake, kisha baada ya kuwasha injini zizimike. Mnunuzi mgeni hukagua kama kuna taa inayobaki inawaka. Wewe kagua pia kama kuna ambayo haikuwaka kabisa, kwa sababu taa inayosema ukweli huondolewa balbu au kuzibwa kwa nyuma, na kazi hiyo fundi haimchukui nusu siku.

Tukifika kwenye gea boksi, nitachelewa kidogo, maana hapa ndipo familia zinapofilisika. X-Trail za toleo la T31, lililoanza kutoka mwaka 2007, nyingi zina gea boksi ya CVT. Ndani yake hakuna gia za kawaida; kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili, na mafuta yake ni ya aina yake: NS-2 kwa T31, NS-3 kwa T32 iliyofuata. Fundi wa chini ya mwembe anamimina "hydroliki" yoyote nyekundu, gari linaondoka vizuri, na baada ya muda linaanza kuunguruma, kusitasita na kukataa kupanda. Muulize muuzaji ni mafuta gani yaliwekwa mara ya mwisho na risiti iko wapi. Akijibu "hiyo haibadilishwi, bosi, ni ya maisha," tambua kuwa ni maisha ya gea boksi anayoyazungumzia, na huenda yamekaribia mwisho.

RAV4 za kizazi cha pili, za 2000 hadi 2005, nazo zina lao. Nyingi zilizotoka Japani zikiwa na injini ya lita 2 ya D-4, yaani 1AZ-FSE, zinajulikana kwa nyuzi za bolti za silinda hedi kulegea ndani ya bloku. Maji yanapungua kidogo kidogo, kisha gari linachemsha. Dakika kumi kuzunguka mtaa hazitoshi kulijua hilo. Liingize kwenye foleni ya Kimara saa saba mchana, AC ikiwa imewashwa, ukae humo na macho kwenye mshale wa joto. Kwa Forester zenye injini za EJ, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana.

Halafu vua shati, ulale chali chini ya gari. Nasema wewe mwenyewe, hata kama umekuja na fundi wako, ambaye lazima umlipe kwa mkono wako ili asipewe cha juu na dalali. Fuata kwa macho kutoka gea boksi hadi difu ya nyuma. Gari linalouzwa kama 4WD mara nyingine halina propela shafti: ilianza kulia, ikavuliwa, na bei ikabaki ileile. Matairi yote manne yawe ya saizi moja na yamelika sawa, la sivyo mfumo wa 4WD unajichosha wenyewe hata kwenye lami. Ubavuni mwa tairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Madeni ya faini za polisi na ya maegesho yakaguliwe kabla ya mkataba. Hilo halina mjadala.

Ukishanunua, ndugu watajua kabla hujafika nyumbani. Harusi, msiba, mgonjwa wa Muhimbili, safari ya Moshi mwezi Desemba mkiwa tisa ndani ya viti vitano: gari litaitwa. Wapeleke wanaoenea mikanda, wengine wapande basi, hata kama shangazi atanuna mpaka Pasaka. Wala usimalize akiba yote kwenye bei. Bushi, shokapu, beringi na betri havingoji mwisho wa mwezi, na anayebaki bila kitu siku ya kununua ataendesha gari bovu kwa sababu hana namna.

Nimebakiza eabegi makusudi. Vilipulizi vyake vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata vilifungwa kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Subaru, Mazda na wengine, na mamilioni kwa mamilioni yakaitwa kurudishwa duniani kote. Kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hali ya hewa ya pwani yetu hasa, na inapolipuka inaweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa aliyekaa mbele. Gari la aina hiyo lililoondoka Japani kabla ya kurekebishwa limekuja na kilipulizi hicho. Peleka namba ya chesisi kwa wakala wa mtengenezaji, uulize kama gari lako limo. Gari ambalo jibu lake ni ndiyo na halijatengenezwa, au ambalo taa yake ya eabegi haiwaki kabisa unapowasha swichi, halifai kubeba familia, liwe liliendeshwa na mama gani.