Jinsi ya Kumkagua Fundi Bila Kumuudhi

Kiwanja unacho, karatasi ya mauziano ina mhuri wa serikali ya mtaa, tofali zimeshaanza kuota ukungu. Bado fundi tu. Wapo watakaokushauri uombe vyeti. Usithubutu. Kumwomba fundi cheti ni kama kumdai mkweo risiti ya zawadi. Tuna njia zetu.

Anza na aliyemleta. Fundi hatafutwi, huletwa: na shemeji, na muuza sementi, na bodaboda aliyesikia ukilalamika njiani. Uliza swali moja tu, "Ni mtu wa wapi?" Akiwa wa kwenu, msingi umeshasimama, kokoto na nondo ni mapambo.

Halafu omba kuona simu yake. Humo mna picha za majumba, na usimuulize ni ya nani. Hata ile yenye theluji juu ya bati ni kazi yake, aliipaua Mbezi kipindi cha baridi. Kosa kubwa ni kutaka kupelekwa kwenye nyumba aliyoijenga masika mawili yaliyopita. Mwenye nyumba atakukaribisha chai, ataanza kuongea, na hutamaliza leo.

Akifika kiwanjani, mtazame jicho. Timazi na pima maji ni vya vijana waliotoka chuo cha ufundi cha VETA juzi. Bingwa hufumba jicho moja, akatema mate pembeni, akatangaza kwamba imenyooka. Kwenye zege ni hivyohivyo. Wengine watakwambia sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Fundi wako hupima kwa beleshi, na hesabu humpotea kila simu inapoita. Hapo ndipo ladha inapopatikana. Na mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali nyingi kuliko wa jirani, mpongeze. Usizibonyeze kwa kidole.

Wapo watu wagumu, nawaonea huruma. Hao wanajua kwamba ipo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na kwamba makandarasi wa majengo wamegawanywa madaraja saba, la kwanza la wenye misuli, la saba la wanaoanza. Wanaingia kwenye tovuti ya bodi kutafuta jina, eti waone kama lipo na kama ni la daraja linaloruhusiwa kazi hiyo. Wanaomba kibali cha ujenzi halmashauri. Wanaandikiana mkataba, wanalipa kwa hatua: msingi ukiisha, lenta ikifungwa, bati likipanda. Wanasimamisha na bango mbele ya saiti, mpita njia asome nani anajenga. Utadhani wanajenga benki! Wewe ni vyumba vitatu na sebule. Mlipe fundi hela yote Jumamosi, na kufikia Jumatatu utakuwa umemjua kuliko bodi yoyote inavyoweza kumjua.

(Ni kweli, mafundi wengi wa mitaani hawamo kwenye orodha ya bodi, na kati yao wapo wanaojenga vizuri mno. Unawajua kwa kuwa hao wenyewe ndio wanaotaka uende ukaone kazi zao, ukanywe ile chai.)

Mtu akikukumbusha jengo lililoanguka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 likaua watu 36, mjibu kwamba lile lilikuwa ghorofa. Yako ni ya chini. Ukuta wa chini haujui kuua, hilo nalo tumeambiwa na fundi.

Mimi nilizifuata njia hizi zote, sikuruka hata moja. Alikuwa mtu wa kwetu, picha zake safi, jicho lake kali. Ufa ulianzia kwenye pembe ya dirisha la sebuleni. Masika haya umegusa lenta. Namba ya fundi haipatikani. Shemeji aliyemleta anakuja kula kila Jumapili, na amechagua kiti kilicho mbali na ule ukuta.