Kiatu cha Watu Watatu

Muuzaji wa mitumba pale soko la Karume alikuwa na jibu la kila kitu. Nilipomuuliza viatu hivi vinavaliwaje, akasema, "Dada, hivyo ni vya baleti." Nilipomuuliza tangu lini baleti ikawa na visigino, akasema hiyo ni baleti ya siku hizi.

Vilikuwa vyekundu, vya ngozi ya kung'aa, vyenye kamba za kufunga hadi juu ya kifundo na kisigino cha sentimita 18. Mchuchumio wa kawaida, hata uwe na kiburi namna gani, humwachia mwanamke sehemu ya mbele ya wayo akanyagie. Hivi havikuachii kitu. Mguu unasimama wima kutoka gotini hadi ncha ya kidole gumba, na kisigino kipo nyuma kwa ajili ya ushahidi tu.

Nilivitaka. Binamu yangu alikuwa na sendofu, mimi ndiye mpambe wake, na picha zote tulizopiga pamoja tangu utotoni zinaonyesha sura yake na nywele zangu.

Nikavipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu, mzee anayeshona viatu chini ya mwarobaini. Baada ya shikamoo na marahaba, akakigeuza kiatu kimoja juu chini, akakichungulia ndani, akakinusa. Kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, aliyekivaa kwanza bado yu hai?"

Lilikuwa swali la kitaalamu. Mcheza baleti anayesimama kwenye ncha za vidole hasimamii kucha peke yake. Mbele ya kiatu chake kuna boksi gumu la tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, linalovibana vidole pande zote ili uzito ugawanyike, na chini ya wayo kuna soli ngumu inayobeba upinde wa mguu. Tena husimama hivyo kwa muda mfupi, akashuka. Hakuna anayemwambia akae huko juu tangu saa moja jioni hadi keki ikatwe. Viatu vyangu vilikuwa na umbo la hayo yote, lakini ndani mlikuwa na utupu na msumari mmoja.

Hata wenye fani yao hawavai viatu vyao jinsi vilivyo. Marie Taglioni, aliyecheza *La Sylphide* jijini Paris mwaka 1832, alivaa viatu laini vya satini vilivyotiwa nguvu kwa kushonwashonwa nyuzi pembeni na chini ya vidole. Anna Pavlova anatajwa kujiongezea soli ya ngozi ngumu ndani, na wapo walionung'unika kwamba huko ni kudanganya. Wachezaji wa leo huvikunja viatu vipya, huvigonga ukutani, huvikata soli, ndipo huvivaa. Inasimuliwa pia kwamba mashabiki wa Taglioni kule St. Petersburg walinunua jozi yake moja, wakaipika, wakaila kwa mchuzi. Nilipomhadithia mzee hiyo, alitikisa kichwa na kusema, "Bora hao waliovila kuliko wewe unayetaka kuvivaa."

Lakini kazi aliifanya. Akachukua tairi lile lile analochongea katambuga, akakata vipande viwili visivyozidi ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, akavigundisha na kuvishona kwa uzi wa nailoni kwenye ncha. Visigino navyo akavipa vitako vya tairi, vipana kidogo. Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nimeshindilia sufi ya mto wa sebuleni huko mbele kwenye vidole. Mzee akaing'oa yote. "Ukijaza mbele unaviponda vidole. Jaza chini ya upinde wa wayo, kisha funga kifundo. Dawa ni kuuzuia mguu usiteremke." Akakata mkanda wa begi kuukuu la shule, akaushona kuzunguka kifundo pamoja na bizimu yake. Nikasimama. Sikulia. Mzee akaipokea hela yake kwa tahadhari, isije ikasemwa baadaye kwamba alikuwa mshirika.

Nyumbani nikagundua kuwa tairi likikanyaga vigae hupiga kelele. Nilipovuka sebule, mama akauliza kutoka jikoni nani anaburuta jokofu. Nikagundua pia kwamba sufi ikilowa jasho hujikusanya madonge, na madonge hayakusanyiki sawasawa miguu yote miwili, kwa hiyo kadiri nilivyokaa nikawa naelekea kushoto. Kwenye bajaji magoti yalinifika kidevuni, na dereva, kijana mwenye huruma, akaniuliza tupitie hospitali gani.

Ukumbini hapakuwa na vigae. Palikuwa na zulia. Tairi na zulia vikikutana havitaki kuachana. Muziki wa kuingia ukaanza, binamu akaondoka kwa madaha, mkia wa gauni ukaondoka naye, mimi nikabaki. Nilipojinasua na kumfikia, ikabidi niiname kuutandaza ule mkia, jambo lisilowezekana ukiwa umesimama juu ya kucha, ila kwa kuitanua miguu kama twiga anayekunywa maji. Mshereheshaji akadhani ni mtindo. Akatangaza, ukumbi ukapiga vigelegele, na mpiga picha akaniomba nirudie.

Aliyeniokoa ni shangazi, ambaye husema neno mara moja tu. Akawaita wanawe wawili wenye mabega: "Mshikeni dada yenu." Tangu hapo sikutembea tena, nilitembezwa. Huyu kwapa hili, yule kwapa lile, nikaenda kutoa zawadi, nikaenda kulishwa keki, nikaenda na mahali ambapo wao walilazimika kuningoja mlangoni wakitazama pembeni. Kwenye picha, kwa mara ya kwanza, kichwa changu kinalingana na cha bibi harusi. Ila siko peke yangu hata katika moja.

Kumbe hiyo ndiyo njia yenyewe. Karne ya 16, wanawake matajiri wa Venice walivaa viatu vya soli nene, vingine virefu karibu nusu mita, na walitembea wakiegemea watumishi. Mwanamitindo Naomi Campbell hakupewa wa kumshika pale Paris mwaka 1993. Alipanda juu ya viatu vya mbunifu Vivienne Westwood, akaanguka mbele ya dunia nzima, akacheka. Kama yeye aliyetembea jukwaani kwa riziki alifika chini, tairi la katambuga lingefanya muujiza gani? Mzee wangu alirekebisha kila kinachorekebishika. Kilichobaki kilihitaji ndugu: kiatu kile kina nafasi ya watu watatu, mmoja akivaa na wawili wakilipia.

Sasa mdogo wake binamu naye anaolewa Desemba na ameniomba viatu. Nimempa kwa moyo mkunjufu, pamoja na tairi zake, mkanda wake na sufi mpya. Wale wana wa shangazi nao wameshanipigia, kila mmoja kwa wakati wake, kuniarifu kwamba mwezi huo watakuwa safarini.