Namna ya Kumpokea Mkaguzi: Mhadhara kwa Wenye Viwanda

Waheshimiwa wenye viwanda wa Changamwe, na ninyi wa Miritini mliochelewa kwa foleni ya malori, ketini. Anayesimama mbele yenu ni bingwa wa ukaguzi wa usalama na afya kazini, cheo nilichojitunuku mwenyewe kwa kukosekana mtu wa hadhi ya kunitunuku.

Tuanze na ukorofi wa sheria. Hii yetu ya Kenya, ya mwaka 2007, inamruhusu afisa wa usalama kuingia kiwandani mchana au usiku. Sasa huo ni ustaarabu gani? Mgeni mwenye adabu hutanguliza barua, ukapata nafasi ya kupaka rangi, kukodi helmeti na kuondoa magunia yaliyoziba mlango wa dharura. Ukisema umzuie langoni, kosa hilo, utashtakiwa.

Na kuna jambo limeninyima usingizi. Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1964, unamkataza mkaguzi hata kukudokezea kwamba amekuja kwa sababu kuna mtu amelalamika. Basi tumfukuze nani? Nimelitafiti swali hili kwa kina, na jibu la kitaalamu ni: wote.

Mkaguzi akikuta kasoro ndogo, hukuandikia ilani ya kurekebisha, yenye kifungu ulichovunja na muda uliopewa. Hiyo haina makeke. Mimi zangu nimezitia fremu. Jinamizi ni ilani ya kupiga marufuku. Akiona mashine itamdhuru mtu vibaya, inasimama, na haiguswi mpaka hatari iondolewe. Oda ya Kampala inasubiri, mteja anapiga simu, bwana mkubwa anaangalia mnyororo! Nilimfafanulia mkaguzi mmoja, kwa upole wa msomi, kwamba kinga ya msumeno inapunguza kasi ya kazi. Akanitazama kana kwamba nimeshitaki breki kwa kuchelewesha matatu.

Ukaguzi wa kila miezi 12, unaofanywa na mshauri aliyesajiliwa, na gharama juu yako, naupita. Unaniumiza.

Tuje kwenye kamati ya usalama. Ukiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inakulazimisha kuiunda, na wafanyakazi waketi humo wakiuliza maswali. Hapa ndipo elimu inapolipa. Mimi nimeajiri 19. Wa 20 ni mpwa wangu, anakuja tu kunisalimia, asubuhi mpaka jioni.

Naona mkono umeinuliwa kule nyuma. Ndiyo, mama, ajali ya kifo lazima afisa ajulishwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Majeraha nayo, siku 7, kwa maandishi. Swali zuri sana.

Huyu mwenye bandeji anayenishikia maikrofoni? Huyu si mfanyakazi. Huyu ndiye mpwa.